Bi Fahima, Mchora Ndoto wa Ndau

Wasikilizaji wapendwa, assalamu alaykum, na habari za asubuhi kwenu nyote. Mlioko Amu, mlioko Shela, Mokowe, Faza na Ndau, na wewe uliye mbali unayetusikiliza kwa simu. Kama una chai mkononi, kaa nayo. Kama una mtoto mapajani, mwache hapo hapo. Kipindi cha leo ni chake zaidi kuliko chako.

Mimi ni Lubna Shee. Leo tunamkumbuka Bi Fahima Abdulwahid. Bi Fahima Abdulwahid, mzaliwa wa Ndau, mtunzi na mchoraji wa vitabu vya watoto, amefariki wiki hii nyumbani kwa kaka yake huko Shela, baada ya kuugua kwa muda mfupi. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Wengi wenu mlimjua kwa jina la Bi Fahima wa Ndoto. Nitawaambia jina hilo lilitoka wapi, na kwa nini kuna wakati alilikataa.

Hapa mezani nina kitabu chake cha kwanza. Kinaitwa Punda Aliyelala Darini. Jalada limelegea, maana kimepita mikono mingi. Nakifungua. Ukurasa wote ni buluu, ile buluu ya alfajiri kabla vitu havijapata rangi zake. Kuna ngazi nyembamba ya nyumba ya zamani, na juu ya ngazi anaonekana mkia wa punda, basi. Ukurasa unaofuata, punda amelala darini juu ya godoro, mashavu yamelegea. Na huko chini mji mzima umevua viatu. Wauza samaki, walimu, askari, mabibi na mabuibui yao, wote wanatembea kwa ncha za vidole wasije wakamwamsha. Hata bahari imesogea nyuma kidogo. Maneno ni machache: "Usiseme kwa nguvu. Amechoka." Nami kila nikifika hapo, wasikilizaji, sauti yangu inashuka yenyewe. Mtangazaji mzima nanong'ona mbele ya kipaza sauti.

Punda yule hakutungwa na Bi Fahima. Aliotwa. Mtoto mmoja wa Shela aliyekuja Ndau kutembea alimuota akiwa na homa, akamsimulia Bi Fahima, na Bi Fahima akamchora. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake. Aliwasikiliza watoto ndoto zao, akazichora, zikawa vitabu. Ndoto za watoto, zikawa vitabu vya watoto.

Tuanze Ndau. Kisiwa kidogo, mnakijua. Kila kitu hufika kwa boti: unga, saruji, bibi harusi, hata mitihani ya shule. Bi Fahima alizaliwa huko, mtoto wa pili wa mzee Abdulwahid. Kaka yake, Bwana Abdulqadir, nilimkuta matangani, amekaa barazani na wageni. Nilimwomba anisimulie utoto wa dada yake. Akatabasamu kwanza, kisha akafuta macho.

"Fahima hakuweza kuona kitu cheupe akakiwata, akakiacha vivyo hivyo," aliniambia. "Mama alipaka chokaa ukuta wa jikoni, Idi ilikuwa karibu. Asubuhi tunaamka, ukuta mzima kuku. Makaa ya jikoni ndiyo kalamu yake. Kuku wamevaa viatu, mwanangu. Mama akamuuliza, kuku gani hawa? Akamwambia, hawa ndio waliokuya usingizini. Mama alitaka kumtandika, lakini alianza kucheka, na mtu akicheka mkono hauna nguvu."

Kuku wale walikaa ukutani hadi Idi nyingine. Bwana Abdulqadir anasema mama yao alipika mwaka mzima akiwa amewapa mgongo, na wageni wakija anawafunika wale kuku kwa pazia.

Sasa nieleze desturi yetu kidogo, kwa ajili ya wasikilizaji waliokuja kuishi nasi kutoka bara. Kwetu, mtu akikwambia "nimeota", humsikilizi hivi hivi. Unatanguliza neno moja: "Kheri." Hapo ndipo anaposimulia. Umemfungulia mlango, na mlango wenyewe ni wa heri. Lakini hiyo ni kwa ndoto njema. Ndoto mbaya haisimuliwi. Tumefundishwa tangu chuoni, kule madrasa: ukiota vibaya, jikinge kwa Mwenyezi Mungu, geukia ubavu wa pili, lala, usimwambie mtu. Shikeni hayo mawili. Ndoto njema hutangulizwa kheri. Ndoto mbaya haisemwi.

Bi Fahima alijenga kazi yake juu ya desturi hiyo. Asubuhi watoto wakitoka chuoni, yeye amekaa mlangoni kwa baba yake, anachonga kalamu ya risasi kwa kisu cha jikoni. Haiti mtu. Hamuulizi mtu. Mtoto anapita mara ya kwanza, anapita mara ya pili, anarudi. "Bi Fahima, nimeota." Naye anajibu bila kuinua kichwa: "Kheri." Kisha anafumba macho, anasikiliza.

Akishachora, mtu wa kwanza kuiona picha ni mwenye ndoto. Hii ilikuwa sheria yake. Mtoto anaitazama, anasema "ndivyo" au anasema "sivyo". Akisema sivyo, picha inachanwa, hata iwe nzuri namna gani.

Kuna mtu mmoja sheria hiyo ilimtoa jasho. Ni Bi Jeruto. Alikuja Ndau kufundisha, mtu wa nyanda za juu, anasema wiki za kwanza akitazama maji mengi hivyo kichwa kilikuwa kinamzunguka. Ndiye aliyeziona picha za Bi Fahima, zimechorwa nyuma ya karatasi za kufungia sukari. Baadaye alipata kazi Nairobi, kwenye kampuni ya vitabu, na hakuzisahau zile karatasi. Nilimpigia simu jana.

"Lubna, huyo mama alinimaliza," Bi Jeruto aliniambia. "Namwambia, Bi Fahima, hii picha iko sawa kabisa, nipee niende nayo kwa mashine. Ananiambia, hapana mwalimu, mwenyewe amekataa. Mwenyewe ni nani? Mwenyewe ni katoto hakajaanza shule. Kanasema mbuzi wa kwenye ndoto alikuwa ameudhika, na huyu wa kwenye picha hajaudhika vya kutosha. Basi tunangoja. Nairobi nzima inangoja mbuzi audhike."

Hivyo ndivyo vilivyopatikana vitabu vyake vya mwanzo. Punda Aliyelala Darini. Kisima Kilichohama. Mbuzi wa Bibi Harusi. Kisima Kilichohama ndicho nikipendacho mimi, kile kisima kilichochoka na chumvi, kikajikunja kama mkeka, kikajitwika, kikaenda kutafuta kijiji kingine, na watoto wakakifuata nyuma na ndoo zao bila kelele. Vitabu vilifika shule za visiwa vyote hivi. Walimu wanasema watoto waliokuwa hawataki kusoma walivishika kwa sababu ndani yake mlikuwa na watu wanaowajua.

Sasa tunafika kwenye sehemu ambayo familia imeniruhusu niiseme. Nimewauliza, na wameniruhusu. Inamhusu mtoto aitwaye Asmaa.

Asmaa alikuwa binti mdogo wa Ndau, meno ya mbele yameng'oka. Mama yake ni Bi Kadija. Bibi yake, mama wa Bi Kadija, aliitwa Mwanaesha, na huyo bibi ndiye aliyemlea Asmaa mapajani.

Asubuhi moja Bi Fahima alikuwa anasafiri. Boti ilikuwa inakwenda Mokowe, na huko Mokowe bahasha ya picha zake ilikuwa ipande basi la Nairobi. Kitabu kizima kilikuwa tayari, isipokuwa ukurasa wa mwisho. Bi Jeruto alikuwa ameshapiga simu mara chungu nzima. Bi Fahima amesimama ufukweni na viatu mkononi, anafikiria huo ukurasa, na hapo ndipo Asmaa alipomvuta leso aliyojifunga.

"Bi Fahima, nimeota."

"Kheri, mwanangu."

Asmaa akatazama kushoto na kulia. Akamwinamisha, akamwambia sikioni. Nimemuota bibi. Amevaa nyeupe. Anatembea juu ya maji, hazami.

Hapo nahodha akaita. "Fahima, maji yanatoka. Panda, au ulale hapa."

Mnaijua Ndau, wasikilizaji. Maji yakitoka, boti inakaa juu ya mchanga hadi yarudi, na basi halingoji mtu. Bi Fahima akambusu Asmaa utosini, akakimbia. Mtoto alibaki na mdomo wazi. Alikuwa hajamaliza.

Na ndani ya boti, karatasi juu ya magoti, Bi Fahima alichora ukurasa wa mwisho. Bi Jeruto anasema haujawahi kumpitia mkononi ukurasa mzuri kuliko ule. Maji yametulia, rangi ya maziwa. Bibi kizee aliyevaa nyeupe anatembea juu yake, mgongo umegeuziwa msomaji, ametoka pwani anaelekea kule ambako maji na mbingu havitengani. Hakuna ng'ambo. Ni weupe mtupu. Kitabu kikaitwa Bibi Avuka Maji.

Ukurasa ule Asmaa hakuuona kabla haujapelekwa. Narudia, wasikilizaji, maana yote yanaanzia hapo. Mwenye ndoto hakuonyeshwa. Hakuna aliyesema ndivyo, hakuna aliyesema sivyo.

Kitabu kilipochapwa kikafika Ndau, watu walijikusanya kukitazama. Bibi Mwanaesha mwenyewe alipewa akishike. Alikisogeza mbali na macho, akakisogeza karibu. Akasema, "Huyu ni mimi. Leso yangu ya kusalia naijua. Lakini mwanangu Fahima, nakwenda wapi?"

Watu wakacheka. Bi Fahima naye alicheka. Na haukupita muda, Bibi Mwanaesha aliswali alfajiri, akajinyoosha kidogo kwenye mkeka wake, na hakuamka tena. Alikuwa mtu mzima sana, alikuwa anaumwa moyo, na hospitali walikuwa wameshasema. Lakini watu wana macho, na kitabu kilikuwepo. Bibi amevaa nyeupe, anaondoka, hageuki nyuma. Watu walisema waliyoyasema. Walisema Fahima amemsindikiza bibi wa watu kwa kalamu.

Bi Kadija hakunificha kitu. "Nilimchukia," aliniambia. "Nilimwambia usinirudie hapa na kalamu zako. Kile kitabu nilikitia chini ya kasha, juu yake nikaweka nguo za mama. Kila mtu kisiwani alikuwa na kitabu kimeandikwa mamangu anakwenda zake."

Huo ni uchungu wa Bi Kadija, na ulikuwa na haki yake. Lakini kulikuwa na uchungu mwingine mle nyumbani, na huo hakuna aliyeujua. Asmaa sasa ni mtu mzima, ni mwalimu wa watoto wa nasari huko Mokowe. Alikuja hapa studio jana, akakaa kwenye kiti hicho, akaniambia hivi:

"Mimi niliona ni mimi. Ndoto mbaya haisimuliwi, nami niliisimulia. Nilijua nimemuua bibi yangu. Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani, na kusema ndiko kulikomuua?"

Mtoto yule alikua na jambo hilo kifuani, mwaka baada ya mwaka. Alijizoeza kulala kidogo kidogo ili asiote. Asubuhi akiulizwa umelalaje, anajibu salama, anaondoka.

Bi Fahima naye aliacha kuchora. Alihamia Shela kwa kaka yake, akapata kazi kwenye nyumba moja ya wageni, kutandika vitanda na kuandaa staftahi. Rangi zake zilikauka zikapasuka. Brashi yake nzuri, ile nyembamba ya manyoya, aliifanya ya kupakia samli mikate. Bi Jeruto akimpigia simu kuomba kitabu kipya, jibu lilikuwa lile lile: "Mkono umelala, mwalimu. Tusiuamshe." Na mtu akimwita Bi Fahima wa Ndoto, alikuwa anasema, huyo simjui. Huo ndio wakati alipolikataa jina lake.

Ingeweza kuishia hapo. Haya mambo yetu mengi huishia hapo, tukapeana salamu za Idi kwa mbali hadi mmoja azikwe.

Kilichoyageuza kilitokea darasani, Mokowe. Asubuhi moja mtoto wa darasa la Mwalimu Asmaa alimshika sketi akamwambia, "Mwalimu, nimeota." Na Asmaa akasikia kinywa chake mwenyewe kinasema, "Nyamaza." Mtoto akanyamaza. Akaenda kukaa pembeni, akashika kalamu yake ya rangi bila kuchora kitu.

"Nilimwangalia," Asmaa aliniambia. "Nikasema, basi huu ugonjwa sasa nawapa watoto wa watu."

Jumamosi ilipofika alipanda boti ya Amu. Kutoka Amu akatembea kwa miguu pwani hadi Shela, maana alitaka njia iwe ndefu. Alimkuta Bi Fahima jikoni kwa kaka yake, amekaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, anapaka mikate samli kwa ile brashi. Walikuwa hawajasemezana tangu yale mazishi ya bibi. Asmaa alimwamkia. Bi Fahima aliitikia, akamtazama, akamjua.

"Karibu, mwanangu. Kumbe umekuwa mtu mzima."

"Nimekuya kumaliza, Bi Fahima."

"Kumaliza nini?"

"Nimeota."

Asmaa anasema Bi Fahima aliiweka brashi juu ya sahani, polepole, ikateleza ikaanguka, na wote wawili hawakuiokota. Lile neno lilikuwa halijamtoka miaka yote ile. Kisha akafumba macho, akasema, "Kheri."

Ndipo Asmaa akaimaliza ile ndoto, jikoni, na mikate inapoa. Alisema bibi alikuwa amevaa nyeupe kwa sababu ametoka kuswali, ilikuwa leso yake ya kusalia. Alisema juu ya kichwa alikuwa na sinia ya mahamri, na mkono mmoja umeishika. Alisema alikuwa anacheka, na yale meno yake mawili yanaonekana, na maji yanamfika kwenye kisigino tu.

Bi Fahima akafumbua macho. "Uliyaonaje meno?"

"Alikuwa ananitazama. Mimi nilikuwa ng'ambo nimesimama, namngoja. Alikuwa anakuya kwangu. Wewe ulimchora mgongo, Bi Fahima. Mimi nilimuona uso."

Wasikilizaji wapendwa, nataka tukae hapo kidogo.

Bibi hakuwa anaondoka. Bibi alikuwa anakuja. Kisiwa kizima kilimtazama akienda, kwa sababu mchoraji alisimama upande wa boti, na boti ilikuwa na haraka. Na mtoto aliyejua kwamba bibi anakuja hakuulizwa na mtu. Alionyeshwa picha ya watu wazima, akaisadiki kuliko ndoto yake mwenyewe. Ile ndoto ilikuwa njema tangu mwanzo. Ilikatwa katikati tu.

Bi Fahima alilia sana siku ile. Bwana Abdulqadir alikuwa ndani anavaa kwenda sokoni. "Nilisikia kilio jikoni, nikadhani ameungua," anasema. "Nikatoka mbio na kanzu nusu. Nawakuta wamekumbatiana, na paka anakula mikate yangu."

Baadaye Bi Fahima aliiokota brashi. Aliiosha kwa sabuni na majivu, akaiosha tena, na bado ilikuwa na samli, mistari ya kwanza ikateleza kwenye karatasi. Rangi hakuwa nayo. Alitumia hina, alitumia wanja, na chai ya rangi iliyobaki birikani. Akamchora Bibi Mwanaesha upya, uso kwa msomaji, meno mawili, sinia kichwani. Asmaa alikaa karibu yake hadi mwisho. Bi Fahima akamgeuzia karatasi, akamuuliza kama zamani: "Ndivyo?"

"Mahamri yalikuwa mengi zaidi," Asmaa alisema.

Akaongeza mahamri.

"Ndivyo."

Walikwenda Ndau pamoja. Bi Kadija aliwaona wanashuka kwenye boti, akaingia ndani akafunga mlango, na hilo mwenyewe ameniambia niliseme. Asmaa aliingia kwa mlango wa uani. Kule uani ndiko alikomwambia mama yake lile jambo alilolificha, lote, na akamwekea ile karatasi mapajani. Bi Kadija aliitazama. Akaenda kwenye kasha, akatoa nguo za mama yake moja moja, akafika chini kabisa, akatoa kitabu. Akaziweka picha mbili sambamba juu ya mkeka, hii ya mgongo na hii ya uso.

Nilimuuliza Bi Kadija alisema nini. Akaniambia, "Nilimshika mwanangu. Alikuwa amebeba kitu kile peke yake, nami nalala chumba cha pili. Halafu nilifungua mlango wa mbele. Fahima alikuwa bado amesimama yuani, jua linampiga, viatu mkononi. Nilimwambia, ndoo, ingia ndani, wali unapoa."

Kile kitabu kilichapwa upya, kikaitwa Bibi Anakuja. Ndicho kitabu ambacho watoto wetu wengi wamelala nacho mkononi. Wengi hamkujua kwamba kilikuwa na kaka yake aliyezaliwa akitazama upande mwingine.

Na Bi Fahima, ingawa alibaki kuishi Shela, alikuwa anakwenda Ndau kwa boti kukaa tena mlangoni kwa marehemu baba yake, na kisu na kalamu ya risasi. Alirudi kuwa Bi Fahima wa Ndoto. Alichora vitabu vingine, hadi mwaka huu. Lakini alikuwa ameongeza sheria moja: mtoto akianza kusimulia, hakuna boti. Nahodha aite, honi ilie, maji yatoke yaache samaki kwenye mchanga, yeye hainuki hadi mtoto anyamaze mwenyewe. Manahodha wa Ndau walimlalamikia hadi wakachoka. Mara nyingi aliachwa, akalala kwa Bi Kadija, na Bi Kadija akazoea kumwekea sahani kila siku ya safari.

Bi Fahima hakujaaliwa mtoto wa kuzaa. Msiba wake umejaa watoto. Nilikuwa Shela jana, na pale nje, kwenye ule mchanga wa njiani, walikuwa wamechora picha kwa vijiti. Punda, visima, mbuzi aliyeudhika. Watu waliokuja kutoa pole walikuwa wanazunguka pembeni wasizikanyage, wengine wameshika viatu mikononi. Nilisimama nikaona ule ukurasa wa kwanza, mji mzima unatembea kwa ncha za vidole kwa ajili ya aliyelala. Hapo nililia, sitawaficha.

Kwa niaba ya kituo hiki na wasikilizaji wetu wote, natoa pole kwa Bwana Abdulqadir na watu wa nyumba yake huko Shela. Pole kwa jamaa wote wa mzee Abdulwahid, Ndau. Pole kwa Bi Jeruto aliyepoteza rafiki, na kwa Bi Kadija, ambaye ameniambia leo pia atapakua sahani ya ziada. Hitma ya kumwombea itasomwa Ijumaa baada ya swala ya Alasiri, huko huko Shela. Mwenyezi Mungu amrehemu marehemu, amuweke pema. Amina.

Kabla hatujaachana nina jambo moja zaidi. Mwalimu Asmaa ndiye aliyekuwa naye asubuhi ile ya mwisho. Alikuwa amekwenda kumpa uji. Jua lilikuwa limeshaingia chumbani. Bi Fahima hakuutaka uji. Alimshika Asmaa leso, akamvuta karibu, akasema kwa sauti ndogo, "Nimeota."

Yule mwanamke aliyewaambia watoto wa visiwa hivi neno moja maisha yake yote, sasa alikuwa yeye anayengoja kuambiwa.

Asmaa akasema, "Kheri."

Bi Fahima akasimulia. Ilikuwa ndefu, na pumzi ilikuwa fupi, alikuwa anapumzika katikati. Kuna mtu alibisha mlango, Asmaa hakuinuka. Simu ililia, hakuishika. Aliota nini? Nimemuuliza, na hakuniambia, na sikumlazimisha. Ni ndoto njema, na ndoto njema husimuliwa kwa unayempenda tu. Aliniambia tu kwamba Bi Fahima aliimaliza, na kwamba ilipokwisha, yeye Asmaa alimuuliza swali moja. Alimuuliza kama huyo aliyemuona ndotoni alimpa mgongo au alimpa uso.

Bi Fahima akamwambia, "Uso."

Basi, wasikilizaji wapendwa, kesho asubuhi kuna mtoto atakuvuta nguo wakati una haraka. Atakwambia ameota. Weka viatu chini. Mwambie kheri, kisha ungoje hadi amalize.